Moshi Hauna Kadi ya Chumba

Tuelewane mapema: sina ugomvi na wavuta sigara. Nimelelewa na mvutaji, nimefanya kazi miaka mingi chini ya mvutaji, na kwenye baraza ninayokaa baada ya isha pale Mji wa Kale, wavutaji ndio wengi na ndio wenye habari tamu. Wao huvuta, upepo wa bahari huchukua, mimi hunywa kahawa yangu chungu, na hakuna aliyewahi kumuudhi mwenzake. Ugomvi wangu ni na kampuni inayoandika kwa herufi nene kwamba jambo fulani ni marufuku, ikalibandika mlangoni, ikalitangaza kwa kipaza sauti, halafu kazi ya kulikomesha ikamwachia mzee aliyekuja kupumzika.

Jambo lenyewe ni sigara kwenye roshani za meli za watalii.

Watu wa Mombasa meli hizi tunazijua kwa nje. Msimu wake ukifika huingia Kilindini mojamoja, na abiria wa feri ya Likoni husogea upande mmoja kuitazama, wakikisia bei na kubishana kama wale waliomo ndani huteremka kweli au hulishwa hukohuko. Safari hii ikawa zamu yetu kuwamo. Binti yetu ni muuguzi huko Houston, na tangu alipoajiriwa alikuwa ameapa kwamba iko siku mimi na mamake tutapanda meli tukale kwa kuhudumiwa. Basi tulipokwenda kumzuru akatukatia tikiti ya kutoka Galveston, bandari ya Texas iliyo karibu na kwake, hadi Cozumel kule Mexico na kurudi. Kwa mapenzi yake akaongeza pesa tupate chumba chenye roshani. “Baba, utakaa nje upunge upepo,” akaniambia. Upepo niliupata. Ulikuja na mzigo wake.

Lakini nianze na chetezo, maana bila chetezo hamtaelewa hasira ya nyumba yangu.

Kabla ya kuingia melini mizigo hupitishwa kwenye mashine. Sanduku la mke wangu likasimamishwa. Ndani mlikuwa na chetezo, kile cha kisasa cha kuchomeka ukutani, alichokiviringisha kwenye madira yake matatu na kukitia mfuko wa plastiki juu. Bwana wa ulinzi alitia mkono mara moja tu akatoka nacho, hakupapasa. Akatuonyesha orodha: pasi, mishumaa, ubani, udi, jiko, na chochote kinachopasha joto. Sababu, alisema, ni hatari ya moto. Akakichukua, akatupa risiti, akatuambia tutakipata siku ya kushuka. Mke wangu, ambaye tangu aolewe hajalala chumba kisichofukizwa, alisema maneno ambayo mhariri atayakata, kwa hiyo siyaandiki. Mimi nilimtetea yule bwana. Nikamwambia mama watoto, hawa watu wako makini. Moto ukizuka baharini huna pa kukimbilia, na zimamoto haitoki Galveston ikawahi.

Nikazidi kuwasifu kwenye zoezi la dharura. Spika ilirudia, tena kwa lugha zaidi ya moja: hakuna kuvuta chumbani, hakuna kuvuta kwenye roshani, sigara ya umeme nayo ni sigara, na ole wake atakayetupa kipisi baharini. Pa kuvutia pametengwa: kipembe cha sitaha ya juu, na sehemu ya kasino. Mkaidi atatozwa dola 250 kwenye hesabu ya chumba chake, na akirudia anaweza kushushwa bandari inayofuata. Maneno hayohayo tuliyakuta kwenye karatasi kitandani, kwenye televisheni, na kwenye kibandiko juu ya kitasa cha mlango wa roshani, chenye sigara iliyokatwa kwa mstari mwekundu ili hata asiyejua kusoma asipate pa kujitetea.

Meli ikatoka. Jua likazama. Mitambo ya mafuta ya Ghuba ya Mexico ikaanza kuonyesha taa zake huko mbali. Nikavuta kiti, nikaweka miguu juu ya kile kingine, nikasema bismillahi. Na jirani yetu wa upande wa omo akawasha ya kwanza.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye roshani hizi, ni kipande cha sakafu cha kutosha viti viwili na kimeza, na kati yako na jirani pana ubao wa kukinga macho. Ubao haufiki sakafuni wala haufiki juu. Unakinga macho tu, mengine yote yanapita. Sasa meli ikiwa kwenye mwendo wake wa kawaida, tuseme kilomita 35 au zaidi kwa saa, upepo hutambaa ubavuni kutoka omo kwenda tezi, hata siku ambayo bahari ni maji ya mtungini. Kwa hiyo mvutaji hapati moshi wake. Ukimtoka mdomoni unamuaga, unapenya chini ya ubao, unamtafuta mtu wa tezi. Mtu wa tezi ni mimi. Nikikimbilia ndani, unaingia nami. Na mama watoto akitokea ukumbini wakati mlango wa roshani uko wazi, ule mkondo wa hewa unaopita katikati unaufikisha moshi moja kwa moja mpaka kwenye foronya.

Nikapiga simu mapokezi.

“Jirani yangu anavuta sigara kwenye roshani.”

“Pole sana, bwana. Umemwona?”

“Ninamnusa.”

“Naelewa, bwana. Lakini umemwona?”

Kumwona mtu aliye nyuma ya ubao ni lazima uiname nje ya ukingo. Ukingo wenyewe, kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2010 ya usalama wa meli hizi, haupungui inchi 42, na mimi si mrefu. Unanifika karibu na kifua. Na pembeni ya kile kibandiko cha sigara kuna kibandiko cha pili, chenye picha ya mtu aliyeinama juu ya ukingo, naye amekatwa kwa mstari mwekundu. Nikamweleza dada wa mapokezi kwamba nitavunja amri moja kuthibitisha nyingine. Akanambia nisifanye hivyo, atatuma mlinzi.

Mlinzi alikuja, simsingizii. Tatizo ni hesabu. Sigara moja haimalizi dakika kumi. Mlinzi sharti apewe agizo kwa redio, apande kutoka huko chini, asubiri lifti, lifti ije imejaa watu wenye taulo na sahani za pitsa, asubiri nyingine. Alipofika, alisimama ukumbini akanusa kwa ufundi kabisa, akabisha hodi. Na hapa sheria ileile ya 2010 ikamsaidia tena jirani: inataka kila mlango wa chumba uwe na tundu la kuchungulia, au namna nyingine ya kumtambua anayebisha. Jirani akachungulia kwa raha zake. Alipofungua alikuwa amepiga mswaki, amejipulizia manukato, na tabasamu lake limefika masikioni. Mlinzi akarudi kwetu na uso wa msiba.

“Harufu ipo, bwana. Lakini sikumkuta nayo mkononi.”

Usiku ule niliwatamani kanjo. Kenya tuna Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, ambayo wachache wameisoma, lakini kila aliyewahi kuwasha sigara mjini nje ya sehemu iliyotengwa anajua inavyofanya kazi: askari wa kaunti hujui katokea wapi, kiberiti hakijazimika, na gari lao liko nyuma ya kona limeshaanza kunguruma. Nimewasema sana watu hawa barazani. Lakini melini ningewalipia nauli ya ndege na posho ya siku, wawili tu, mmoja sitaha ya nane na mmoja ya tisa, na yale maswali ya “umemwona?” yangekoma kabla ya chakula cha usiku.

Na msidhani meli haina macho. Ina macho kupita kiasi. Kadi ya chumba inajua umekunywa soda gani, wapi, saa ngapi. Ukishuka inapiga mlio, ukipanda inapiga mlio na sura yako inatokea kwenye skrini, pamoja na uchovu wako. Wapiga picha wanakuvizia kwenye ngazi, mezani, hata ukiwa na paja la kuku mdomoni, na jioni unajikuta umetundikwa ukutani unauzwa. Chumbani juu ya dawati kuna chupa ya maji yenye kilebo shingoni. Ukiifungua, kesho yake imeshaingia kwenye hesabu, na hakuna anayekumbuka kumwona mtu akiingia kuihesabu. Kinachoingiza pesa, meli inakiona gizani. Moshi hauna kadi ya chumba, basi hauonekani.

Tena historia ipo. Mwaka 1998 kampuni ya Carnival ilizindua meli iliyoitwa Paradise, isiyo na sigara kabisa, omo hadi tezi. Hata mafundi walioiunda kule Finland walikatazwa kuvuta ndani yake. Abiria alitia sahihi kwamba akikamatwa atatozwa dola 250 na kushushwa bandari inayofuata, arudi kwao kwa nauli yake. Na walishushwa kweli, na masanduku yao. Meli hiyo ningeipanda bila kuuliza inakwenda wapi. Lakini haikudumu na sera yake. Baada ya miaka michache ikawa meli tu kama wenzake. Sababu haikuwa mapafu ya mtu. Wasiovuta walipanda, wakafurahia hewa, wakalala mapema, na kwenye baa na kasino hawakuacha pesa ambazo wavutaji huacha. Kila nilipopita kasino ya meli yetu, nikiwaona wale kinamama wa makamo wameketi mbele ya mashine, sigara mkono wa kushoto na kadi mkono wa kulia, nilikuwa najua nani hasa mwenye meli.

Nisieleweke kwamba nalilia pua yangu tu. Tarehe 23 Machi 2006, usiku wa manane umepita alfajiri haijaingia, meli ya Star Princess ilikuwa njiani kutoka Grand Cayman kwenda Montego Bay, Jamaica, moto ulipozuka kwenye roshani ya sitaha ya kumi. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walihitimisha kwamba yaelekea chanzo ni kipisi cha sigara kilichotupwa, kikaangukia kitu kinachoshika moto, kikafukuta kama dakika 20 hivi kabla ya kutoa mwali. Mbao za kukinga macho zilikuwa za plastiki. Viti plastiki. Vigae vya sakafuni navyo plastiki. Na upepo, uleule unaoniletea mimi moshi, ukaupandisha moto kutoka roshani hadi roshani. Abiria mmoja alifariki. Vyumba 79 viliharibika kiasi cha kutofaa tena, na vingine zaidi ya 200 viliguswa na moto, moshi au maji. Ndipo kanuni za kimataifa zikabadilishwa: tangu Julai 2008 roshani za meli za abiria zinatakiwa ziwe na vifaa vya kugundua moto na kuuzima, isipokuwa kama samani zake ni za aina isiyoshika moto kirahisi. Kampuni za Kimarekani zikaanza kufuta sigara kwenye roshani, moja baada ya nyingine. Za Wajerumani zipo mpaka leo zinazoruhusu, na huko angalau mtu anajua alichonunua.

Kwa hiyo marufuku hii haikutungwa na mzee mnuka karafuu wa Mombasa. Imetokana na maiti. Na juu ya kiti changu palikuwa na kile kichwa cha bomba la kuzimia moto, kimening'inia, kinangoja. Kwa sigara hakishuki. Kinangoja mpaka iwe jambo la maana.

Mama watoto hana imani na mapokezi ya aina yoyote. Yeye ni mtu wa Pwani: jirani akikukera humwambii, unamvalia. Asubuhi akafungua sanduku akatoa leso iliyoandikwa *Hasidi hana sababu*, akaitandaza juu ya ukingo wa roshani, kwenye pembe ya upande wa omo, maandishi yakimwelekea mlengwa. Nikamkumbusha kwamba huyu bwana ni Mmarekani. Akanijibu kwamba neno la leso halisomwi, linafika.

Lilifika. Tulikuwa hatujamaliza chai simu ikalia.

“Bwana, kuna kitambaa kwenye ukingo wa roshani yenu. Tunaomba mkiondoe. Hairuhusiwi kuanika kitu hapo. Kinaweza kupeperushwa, na ni hatari ya moto.”

“Mmekionaje?”

“Kamera ya ubavuni, bwana.”

Nikakaa sawasawa kitandani. “Dada yangu, hiyo kamera ya ubavuni haimwoni jirani yangu?”

“Kamera hiyo ni ya kuangalia mtu akianguka baharini, bwana. Haichunguzi wageni kwenye roshani zao. Ni faragha.”

Kwa hiyo ili jirani yangu aonekane, inabidi aanguke.

Wakati nainua leso, kichwa chake kikachomoza kando ya ubao. Mzee wa rika langu, shati la maua, macho ya upole, na sigara inafuka katikati ya vidole viwili. Akasema kitambaa kizuri sana, kimenunuliwa wapi? “Mwambie Biashara Street,” akasema mke wangu kutoka ndani, bila kugeuka. Nikamwambia. Halafu nikamwomba, kwa adabu zote nilizofunzwa chuoni na nyumbani, kwamba moshi unatufikia. Akashtuka kikweli. Akasema yeye alifikiri roshani ni nje. Na nje, alivyoelewa yeye, mtu anavuta. Pale palipotengwa alishakwenda, akapakimbia, kwa sababu, naapa alisema hivi, panamnukia sigara. Akaomba radhi, akaurusha ule uliobaki baharini, upepo ukaurudisha sitaha ya chini, tukasikia mtu wa huko akipiga ukelele.

Sasa nilikuwa nimemwona. Nikapiga simu kwa furaha ambayo sikuwa nayo tangu harusi ya binti yangu.

“Nimemwona. Kwa macho haya. Anayo mkononi.”

“Asante sana, bwana. Una picha?”

“Picha? Kumpiga picha mgeni kwenye roshani yake si ndiyo faragha?”

Kimya kidogo. “Ndiyo, bwana. Usimpige picha.”

Aliyenifungua macho ni kijana anayetutandikia kitanda. Alikuwa wa Likoni. Siku hizi wapo vijana wetu wa Pwani kwenye meli hizi, na huyu alipoiona ile leso juu ya kiti aliangusha mataulo akasema asalaam aleikum, mzee, mwatoka wapi? Tukapeana habari mpaka ya bei ya nazi. Nikamweleza shida yangu, akachungulia ukumbini kwanza, ndipo akajibu.

“Mzee, mimi ndiye ninayemwaga vipisi vyake kila asubuhi. Anavizima kwenye mkebe wa soda uliotiwa maji, ananiachia juu ya meza, na noti ya dola tano chini yake.”

“Na huripoti?”

“Nikiripoti atatozwa. Akitozwa atashuka mapokezi apige kelele, na kule wamefunzwa mgeni asiondoke na hasira. Watamfutia. Kisha naye atajaza fomu kwamba wanipunguzie bakshishi, kisha mwisho wa safari atajaza ile fomu ya maoni, aandike jina langu. Mzee, ile fomu ndiyo mkataba wangu. Nina mama na wadogo wawili skuli.”

“Na yule mlinzi?”

“Mlinzi naye ana fomu.”

Nikanyamaza. Huwezi kumwambia mtoto wa watu akalipe karo ya wadogo zake kwa pua yako.

Cozumel nitaipitia haraka, si kwa ubaya wake. Ni kisiwa kizuri, bahari rangi mbilimbili, na samaki wao ukiwaongezea ukwaju ungedhani uko Shimoni. Ninachotaka kukitaja ni hewa. Tangu Januari 2023 Mexico imepiga marufuku sigara kwenye maeneo yote ya umma, fukwe na hoteli zikiwemo, na hapo gatini nilivuta pumzi ya kwanza ya haki tangu Texas. Mwenzangu wa omo hali yake ilikuwa kinyume. Tulimwona akirejea melini saa nne kabla ya muda, anatembea kwa haraka ya mtu anayewahi hospitali, na niliporudi chumbani nilikuta amefidia kiu ya mchana kutwa.

Nilikuta na kitu kingine. Bahasha, imesukumwa chini ya mlango. *Mgeni mpendwa, tumepokea taarifa ya uvutaji wa sigara katika eneo la chumba chako. Tunapenda kukukumbusha kwamba…* Na dola zao 250 zimeandikwa kwa wino mzito.

Mama watoto aliisoma mara mbili. “Wametupa onyo sisi?”

Nikashuka mwenyewe, simu sikuiamini tena. Dada wa mapokezi akanieleza kwa upole kwamba barua hupelekwa vyumba vyote vya jirani, ili pasiwe na mtu wa kujihisi ananyooshewa kidole. Nikamwuliza, je, yule anayevuta ameipata? Akatazama kwenye kompyuta. Akasema chumba kile kina alama ya *usisumbue* mlangoni, barua itapelekwa ikiondolewa.

Kilichomfikisha jirani mahakamani, kama naweza kuita hivyo, si pua yangu wala leso. Ni mto wa kiti. Usiku wa kutoka Cozumel kipisi kilipaa kutoka omo, kikapita chini ya ubao, kikatua juu ya mto wa kiti changu cha roshani kikaacha tundu la ukubwa wa dengu. Asubuhi yule kijana wa Likoni alipoliona akatikisa kichwa akasema, “Mzee, hii sasa ni mali ya kampuni.” Akapiga simu yeye mwenyewe. Wakaja watu wanne. Mlinzi, mkubwa wa mlinzi, mkuu wa wasafishaji, na mmoja mwenye kamera. Pua yangu ilikuwa imeungua safari nzima hawakuja wanne. Kipisi kikatiwa kwenye mfuko, mto ukapigwa picha mbele na nyuma, kichungi kikalinganishwa na vilivyomo kwenye mkebe wa soda, na kabla ya saa sita jirani akaandikiwa dola zake 250. Mke wangu akavaa ile leso kwenda kula chakula cha mchana.

Asubuhi ya kushuka kuna foleni mapokezi, ya watu wanaobishia hesabu zao. Mbele yangu alikuwa yeye, shati jingine la maua. Alinisalimu kwa moyo mkunjufu, akaniuliza hali ya mke wangu. Ilipofika zamu yake alizungumza kwa sauti ya chini na ya masikitiko, akaweka juu ya kaunta kadi yake ya dhahabu ya mgeni wa miaka mingi. Hakuna aliyemkuta nayo mkononi, alisema. Upepo huleta vitu kutoka popote. Meneja akaitwa, akasoma, akakunja uso, akakunjua. Kwa kuthamini uaminifu wake kwa kampuni, safari hii wameiondoa. Wakapeana mikono.

Ikawa zamu yangu. Nilikuwa na kitu kidogo tu, mstari mmoja: ile chupa ya maji ya juu ya dawati. Dola nne na ushei. Nikamweleza yule dada kwamba maji yale niliyafungua usiku kwa sababu ya kikohozi, na kikohozi kilitokana na moshi, na moshi wenyewe ameshausamehe sasa hivi mbele ya macho yangu, kwa hiyo kwa haki na maji nayo yasamehewe.

Alitazama skrini. “Pole sana, bwana. Chupa ilikutwa wazi.”

“Na mimi nani alinikuta nayo mkononi?”

Alicheka sana, mpaka mwenzake wa dirisha la pili akageuka kuuliza kuna nini. Halafu akanichapishia risiti.